Mwezi Ukipungua Tunafurahi

Mwaka huu kundi letu la WhatsApp, lile la waliomaliza shule pamoja, lilitangaza kwamba tungekutana Kigoma kumuenzi Mwalimu Dwindo angali hai. Dwindo si jina lake. Ni jina tulilompa sisi, kutokana na kitenzi cha Kiingereza alichokipenda kuliko watu, "dwindle", maana yake kupungua kidogo kidogo mpaka kibaki kitu kisichofaa kuhesabiwa. Wenzangu walijaza kundi kwa maua ya rangi zote na mikono iliyokunjwa kwa shukrani. Mmoja aliandika kwamba mwalimu alitufungulia macho. Mwingine, ambaye ninakumbuka vizuri jinsi alivyokuwa akijificha chooni kila kipindi cha Kiingereza, aliandika kwamba bila Dwindo asingekuwa alivyo leo. Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni. Ndivyo watu walivyo wakizeeka: hata fimbo wanaikumbuka kama mkono wa mama. Yusufu, kiranja wetu wa zamani, aliandika kwamba chakula tusihofu, kuna mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi amejitolea kupika. Nikafunga mkoba, nikaenda. Nitasema ukweli: sikwenda kumuenzi mtu. Nilikwenda kumdharau kwa karibu, kwa sababu kumdharau kwa mbali kulikuwa kumenichosha.

Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo uniruhusu nianze kama nilivyozoea, taratibu. Kama Kiingereza hukukisoma, au ulikisoma kikakupita, usiwe na wasiwasi, tutakwenda pamoja na hakuna atakayebaki nyuma. Mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu, Mwalimu Dwindo alibandika ukutani karatasi yenye vitenzi kumi na viwili, vyote vya kupungua. Tofauti zake si ngumu ukizishika moja moja. Upepo ukipoteza nguvu, au hasira, wanasema "abate". Kilichovimba kikishuka, mafuriko au jipu, ni "subside". Rangi au sauti ikipotea ni "fade". Kitu kinene kikiendelea kuwa chembamba kuelekea nchani, kama samaki mgebuka anavyokwisha mkiani, ni "taper". Maji ya bahari yakirudi nyuma ni "ebb". Na mwezi, baada ya kuwa duara kamili, ukianza kulika upande mmoja, ni "wane". Unaona? Hakuna uchawi. Mtoto yeyote anaweza kuvielewa kwa mchana mmoja akielezwa na mtu anayempenda. Dwindo alitumia mwaka mzima.

Alikuwa mtu wa suti yenye kizibao, katika joto la Kigoma, na chaki aliishika kwa leso ili isimguse. Alikuwa amewahi kwenda ng'ambo kwa kozi ya miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo ilimtosha kutudharau miaka yote minane aliyofundisha Kigoma. Dagaa alisema ni chakula cha kuku. Mawese alisema yananuka. Siku alipobandika ile karatasi alitugeukia akasema kwa Kiswahili, ili tusikose hata tone la tusi: "Waingereza wana maneno kumi na mawili. Ninyi mna moja. Maji yanapungua, mwezi unapungua, homa inapungua, akili zinapungua. Pungua, pungua, pungua, kama injini ya boti iliyoharibika. Mtu mwenye neno moja ana wazo moja." Darasa lilicheka. Nilicheka pia. Ni jambo la ajabu jinsi mtu anavyoweza kucheka huku anatukanwa, mradi tusi limegawanywa sawasawa kwa darasa zima.

Nilikuwa ninaishi kwa shangazi yangu Mwavita, Rusimbi, katika chumba cha uani kilichokuwa na kitanda kimoja, dirisha moja la mbao, na magunia ya dagaa wakavu yaliyopangwa hadi nusu ya ukuta. Kitanda nilikigawana na Zaituni, mwanafunzi mwenzangu, binti wa Mwamgongo. Kwao hakukuwa na sekondari, na kufika kwao ni kwa boti tu, kwa hiyo babake alimwombea nafasi kwa shangazi, ambaye alikuwa akinunua dagaa wake. Zaituni alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, Kiha chake kikiingia ndani ya Kiswahili bila kubisha hodi. Akiamka alinisalimu "Mwakeye" kama mtu anayemsalimu jirani, ingawa tulikuwa tumelala mgongo kwa mgongo. Kamusi ilikuwa moja, yake, haina jalada, na herufi zake za mwisho zilikuwa zimeliwa na panya. Tulikuwa tunasoma tumekaa juu ya magunia, na mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa wakavu kichwani kwangu zinafunguka kurasa.

Sasa nikueleze kitu ambacho kila mtu wa mwambao ule anakijua, na ambacho Dwindo hakuwahi kuuliza kwa miaka minane. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga, wavu ukawazoa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima ni taa. Dagaa hawana sababu ya kukifuata kimwanga cha binadamu. Siku hizo mitumbwi inalala mchangani, wanaume wanashona nyavu, soko linakuwa na mchicha mtupu, na shangazi anakuwa mkali kama pilipili. Mwezi ukianza kulika, mambo yanafunguka. Shangazi alikuwa anatoka uani, anautazama mwezi wa asubuhi uliobakia angani na upande wake mmoja umeliwa, anapiga kigelegele kifupi, kimoja tu, kisha anasema, "Haya, amepunguka mkwe wetu. Wikendi tunakula." Kwa hiyo kwetu mwezi kupungua ilikuwa habari ya sufuria. Nilikuwa nimesikia kigelegele hicho kila mwezi tangu nifike kwake.

Kulikuwa na mashindano ya Kiingereza ya shule, Tabora, na shule yetu ingepeleka mwanafunzi mmoja, kwa treni, pamoja na mwalimu. Usicheke. Sisi tuliisikia treni ile ikipiga honi kila inapoondoka, lakini kuisikia na kuipanda ni vitu viwili. Tulifanya mtihani wa vitenzi darasa zima, na mimi na Zaituni tukalingana juu kabisa. Jioni ile tuligaragara juu ya magunia kwa furaha. Zaituni alikuwa na swali moja tu, alilirudia mpaka nikamchoka: "Wanasema mle ndani mna vitanda. Kweli mna vitanda?" Nikamwambia, "Wewe utakwenda kufanya mashindano au kulala?" Akasema, "Kwani ukifika umelala, vitenzi vinatoka kichwani?" Shangazi alipiga kelele kutoka jikoni: "Nyamazeni huko, mnaniyeyushia akili! Chai inapoa, na mwanga wenyewe unafifia, mtaoshaje vyombo?" Tukatoka tukicheka.

Kesho yake Dwindo alituita mbele kutushindanisha. Kila mmoja atunge sentensi moja kwa kitenzi cha "wane", aseme na hisia inayoletwa na jambo hilo. Zaituni alianza. Alishika chaki bila leso, akaandika kwa mwandiko wake wa duara: "The moon is waning, so we are happy." Mwezi unapungua, kwa hiyo tunafurahi. Akaweka nukta, akarudi nyuma hatua moja kuitazama, kama mtu aliyepanga vyombo kabatini. Sentensi ile haikuwa na kosa hata moja. Nimesahihisha maelfu ya sentensi tangu siku ile, na ninakuambia: haikuwa na kosa.

Dwindo aliisoma kwa sauti, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa lafudhi ya Kiha ya kubuni, darasa likaanza kutikisika. "Happy?" akasema. "Nani anafurahi mwezi ukififia? Nakuuliza, binti. Nani anapenda giza?" Zaituni akafungua mdomo kueleza, Kiingereza kikamkwama, akajaribu Kiswahili, Dwindo akanyoosha kidole: kwa wanafunzi Kiswahili kilikatazwa. "Nitawaambia mimi," akasema. "Wanaopenda giza ni wawili. Mwizi na mchawi. Huyu hana kitu cha wizi, kwa hiyo?" Na darasa likajibu kwa pamoja, kama salamu ya asubuhi: "Mchawi!" Kelele zilipotulia akanigeukia. Alikuwa anatabasamu. "Rehema, wewe unakaa naye nyumba moja. Hebu tusaidie. Kwenu mwezi ukipungua mnafurahi?"

Ninataka uelewe kwamba nilikuwa na muda. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema lilitokea ghafla, mdomo uliteleza. Wangu haukuteleza. Nilimwona shangazi akipiga kigelegele mbele ya macho yangu. Niliiona treni pia. Nikasema kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mtoto mzuri, kwamba hapana, mwalimu, sisi huwa tunahuzunika. Zaituni alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anajipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja, akinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na hakusikia swali. Nikaandika sentensi yangu kuhusu mwezi na huzuni, takataka tupu, iliyonakiliwa kutoka kitabuni. Dwindo akapiga makofi.

Kuanzia siku ile Zaituni aliitwa Mchawi, na mimi nilijifunza ile orodha upya, kwa kumtazama. Kwanza mkono wake haukupanda tena darasani. Halafu sauti: ikapungua, ikawa ya kuombea chumvi tu. Halafu kicheko. Alikuwa bado analala kitanda kilekile, na asubuhi alinisalimu, maana adabu ilikuwa haijamtoka, lakini "Mwakeye" yake ilikuwa sasa ya kumsalimu mpita njia. Mchana mmoja tulikuwa uani, mimi ninafua, Zaituni anaanua dagaa, shangazi anachambua mboga na kulalamika kama kawaida yake, wala hakuwa anamwambia mtu. Kanga yake imepauka, mpya hata mwaka haina. Ile nyekundu imechujuka ikaharibu mashuka. Mchicha umenyauka kabla ya kufika sokoni. Biashara imedorora. Mguu ulikuwa umevimba, umenywea kidogo, lakini nguvu za magoti zinamwishia. Siku zinayoyoma na mvua haiji. Kisha akamtazama Zaituni aliyekuwa ameinama, akashusha sauti, akaniambia, "Na huyu mwenzako kwa nini amenyong'onyea hivi? Alikuja hapa amechangamka. Amesinyaa kama nyanya ya juzi. Mmemfanya nini huko shuleni?" Nilikuwa na povu mikononi, na nilikuwa nimeanza kuhesabu. Kabla beseni halijaisha mama yule asiyejua kusoma alikuwa ameipita nusu ya karatasi ya Dwindo, na kila neno lilikuwa mahali pake, hakuna lililoweza kulipisha jingine. Kanga hainyauki. Mchicha hauchujuki. Neno moja, wazo moja! Nilimdharau mwalimu siku ile kwa mara ya kwanza, na sijaacha. Nikamjibu shangazi, "Hatujamfanya kitu, shangazi. Labda ana homa."

Tabora tulikwenda. Nilikaa dirishani, na yule mwalimu mbele yangu akilinda suruali yake isikunjike. Swali langu lilikuwa nieleze maana ya "ebb". Nilikuwa nimekariri tafsiri, maji kupwa, lakini mimi ni mtu wa ziwa. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa saa, linakaa pale ulipoliacha. Nilipotakiwa kutoa mfano nilisema kwamba kiangazi kikiwa kirefu ziwa hurudi nyuma hatua kadhaa. Mwamuzi, mtu wa pwani nadhani, alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama kwetu bahari hurudi mara moja kwa mwaka kama Krismasi. Ukumbi mzima ukacheka. Nikajaribu kueleza, Kiingereza kikanikwama. Nilitolewa raundi ya kwanza. Tulipokaribia Kigoma wakati wa kurudi, Dwindo alisema, bila kunitazama, "Nilikosea kuchagua." Nyumbani nikasema tulishindwa kidogo tu. Zaituni hakuniuliza kitu. Likizo ilipofika alifunga nguo zake kwenye kanga, akaacha kamusi juu ya gunia, akapanda boti ya Mwamgongo. Hakurudi. Babake alimwambia shangazi kwamba mtoto amesema shule imemtosha.

Basi ndiyo sababu nilikwenda kwenye sherehe na dharau yangu imepigwa pasi. Ilikuwa saa sita mchana, ukumbini shuleni, madirisha yale yale yanayotazama ziwa. Yusufu alikuwa amenenepa, ameshika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. Dwindo walimleta akishikwa mikono miwili. Nilitarajia kizibao, alikuwa amevaa sweta. Mikono imekonda, macho yamefubaa, sauti imebaki uzi. Vitenzi vyote kumi na viwili vilikuwa vimemkalia mwilini, na ni kazi ngumu kumdharau mtu wakati amebaki mdogo hivyo. Nilijitahidi. Na yeye akanisaidia, kwa sababu mara tu alipopewa kipaza sauti alisema atatuchekesha kwa kisa chake cha siku zote, alichowasimulia madarasa yote baada yetu. "Palikuwa na binti mmoja," akaanza, "aliandika ubaoni kwamba mwezi ukififia anafurahi." Watu wakaanza kucheka kabla hajafika. Wengine, watu wazima wenye wajukuu, wakamalizia pamoja: "Mchawi!"

Mbele yake palikuwa na sahani ya dagaa wa mawese, na alikuwa amekwisha kula nusu kwa pupa. Aliyeiweka sahani ile alikuwa bado amesimama kando ya meza, ameshika bakuli la pilipili. Mama mnene kiasi, kilemba cha bluu, uso mpana uliotulia. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akijipangusa vidole, kimoja kimoja.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyopanga: "Shikamoo, mwalimu. Sentensi ile ilikuwa sahihi." Nikaeleza yote, taa, mwezi mpevu, mitumbwi mchangani, kigelegele cha shangazi. Nilieleza vizuri, ndiyo kazi yangu. Baadhi ya wavuvi wa zamani waliotoka darasani kwetu walianza kutazama sakafu, maana nao siku ile walikuwa wanajua. Nikasema kwamba mtu aliyeishi hapa miaka minane bila kuuliza kwa nini dagaa huadimika hakustahili kuitwa mwalimu. Yusufu alinifanyia ishara ya mkono nikae. Sikukaa.

Dwindo alinitazama, akinitafuta katika kumbukumbu. "Rehema," akasema hatimaye. "Tabora." Nikaitika. Akapangusa mawese mdomoni. "Lakini mimi niliuliza, binti yangu. Sikuwa mtu wa huku, nisingejua. Nilikuuliza wewe."

Nimekuwa na jibu la kila kitu alichowahi kusema mtu yule, nimelinoa miaka yote hii, na hilo moja sikuwa nalo. Alikuwa ameuliza kwa kejeli, ndiyo. Alikuwa amekwisha kuhukumu kabla ya kuuliza, ndiyo. Lakini katika miaka minane aliuliza mara moja tu, na mara hiyo moja aliniuliza mimi. Wakati huo mama wa kilemba cha bluu aliinama, akamwongezea mzee dagaa kwenye sahani. "Kula, mwalimu, chakula kinapoa," akamwambia. "Mwezi umeanza kupungua juzi. Hawa ni wa mwanzo." Akamwekea na pilipili pembeni, akachukua bakuli lake, akaenda zake nyuma ya ukumbi. Dwindo akala. Sijui kama alimjua.

Nilimfuata. Sufuria zilikuwa juu ya mafiga, wasichana wake wawili wanaosha vyombo, na upande wa chini ziwa limejitandaza. "Mwakeye, Zaituni," nikasema, ingawa asubuhi ilikuwa imepita. Akacheka kidogo, akanirudishia. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nikaanza kuipanga ile radhi, na sababu zake, na kwamba alikuwa sahihi. Akanikata. "Nilijua niko sahihi, Rehema. Kwani nilikuwa ninakula nini?" Akafunika sufuria. Kisha akainua uso, na kwa sekunde moja akawa yule wa juu ya magunia. "Niambie kitu kimoja. Mle kwenye treni, mna vitanda kweli?"

"Vipo," nikasema. "Lakini sisi tulikaa kwenye viti."

"Dirishani?"

"Dirishani."

"Ukaona nini?"

Nikafikiri. Nilitaka kumpa kitu, Mto Malagarasi, miombo, watoto wanaopunga mikono stesheni, chochote ambacho mtu yeyote aliyesafiri njia ile angeweza kukitaja. Lakini nilikuwa nimekwisha kudanganya mara moja juu ya safari ile. "Sikuona kitu," nikamwambia. "Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa ninakariri karatasi ya mwalimu."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

Alinitazama, akaanza kucheka, kicheko chake kilekile, kikubwa, mpaka wasichana wakageuka, kisha kikashuka polepole kwa hatua, na mimi nikasimama pale nikikisikiliza mpaka kilipokwisha.

"Pole, mwenzangu," akasema, akaokota mwiko. "Kumbe hata wewe hukwenda."